Ukuta wa Maharusi: Wanawake Wachoraji wa Mithila

Mchele hulowekwa, husagwa juu ya jiwe, kisha hutiwa maji hadi uwe mwepesi kama tui. Mwanamke huchuchumaa uani, huchovya vidole na kuuacha ule weupe uchuruzike kwenye ncha ya kidole huku mkono ukienda. Hana penseli wala rula. Punde sakafu ya udongo iliyosiribwa kwa mavi ya ng'ombe huwa imejaa duara na petali zilizopangika sawasawa, zikatiwa vitone vyekundu. Mchoro huo huitwa aripan, na haukai: miguu ya watu wa nyumbani huufuta.

Hii ni Mithila, eneo la kaskazini mwa jimbo la Bihar nchini India linaloingia hadi kusini mwa Nepal. Uchoraji huko ulikuwa kazi ya wanawake wa nyumba, mtoto wa kike akijifunza kwa kumtazama mama na bibi. Hakuna aliyeweka sahihi ukutani.

Kazi kubwa kuliko zote ni kohbar, mchoro wa chumba cha maharusi. Katikati huchorwa majani ya yungiyungi yaliyozunguka shina la mwanzi. Yungiyungi ni upande wa mke, mwanzi ni upande wa mume na ukoo wake. Samaki na kobe huombea uzazi, kasuku huashiria mapenzi, jua na mwezi hushuhudia. Pembe nne za chumba hulindwa na Naina Jogin, mwanamke aliyejifunika jicho moja kwa ushungi, ili kijicho kisiwapate maharusi.

Rangi zilitoka jikoni na shambani. Weusi ni masizi ya taa, njano ni manjano yale yale ya mchuzi, buluu ni nili. Brashi ni kijiti cha mwanzi kilichozungushiwa pamba. Baadhi ya wachoraji huvuta mistari miwili sambamba na kujaza katikati kwa vistari vyembamba. Mtindo huo huitwa kachni. Wengine hujaza rangi nzito, nao ndio bharni.

Watu wa nje walichelewa kuyaona haya. Januari 1934 tetemeko kubwa la ardhi liliangusha nyumba nyingi Bihar, na William Archer, afisa wa serikali ya kikoloni, alipokagua uharibifu aliiona michoro kwenye kuta zilizobomoka. Mwaka 1949 aliandika makala kuihusu katika jarida la Marg.

Kisha ukaja ukame wa 1966 na 1967. Mashamba yalikauka, na Bodi ya Kazi za Mikono ya India ikamtuma msanii Bhaskar Kulkarni kutoka Bombay awagawie wanawake karatasi ili wachore na kuuza. Picha zikaanza kuleta chakula nyumbani. Zikaleta na majina: Jagdamba Devi alipewa nishani ya taifa ya Padma Shri mwaka 1975, akafuatwa na Sita Devi mwaka 1981 na Ganga Devi mwaka 1984. Ganga Devi alipougua saratani, aliyachora matibabu yake kwa mistari ile ile aliyojifunza kwa ajili ya kohbar.

Karatasi ilifungua mlango hata kwa waliodharauliwa. Wanawake wa tabaka la Dusadh, waliohesabiwa kuwa wa chini kabisa, waliichukua michoro ya chale za mwilini, yaani godna, wakaunda mtindo wao. Dulari Devi, wa jamii ya wavuvi, alikuwa mtumishi wa ndani nyumbani kwa mchoraji Mahasundari Devi. Alijifunza hapo, na mwaka 2021 naye akapokea Padma Shri.

Hata hivyo, sokoni leo zimejaa picha za Mithila zisizo na jina, kana kwamba zimejichora zenyewe. Ukutani palikuwa na sababu: kohbar ilikuwa dua ya ukoo mzima. Kwenye karatasi inayouzwa hakuna sababu hiyo, kwa kuwa mkono uliochora ni mkono unaotafuta riziki. Msomaji atakayenunua picha hizi na aangalie kwanza pembeni au nyuma kama pana jina la mchoraji. Asipoliona, amuulize muuzaji.