Paulo Mahabusu: Marekebisho ya Haki Jinai na Wajibu wa Mchungaji

1. Utangulizi

Mwezi Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai nchini, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Taarifa ya Tume ilikabidhiwa mwezi Julai mwaka huo huo. Miongoni mwa mapendekezo yaliyozungumzwa sana ni kuundwa upya kwa Jeshi la Polisi ili liwe chombo cha huduma, na kuundwa kwa ofisi ya Taifa ya upelelezi iliyo mbali na wakamataji.

Mapendekezo hayo ni mengi, nasi hatukusudii kuyapitia yote. Tunataka kueleza jambo moja tu, ambalo mchungaji wa Kituntu, au wa usharika mwingine wowote wa Karagwe na Kyerwa, hukutana nalo mapema kuliko mengine: muda ulio kati ya kukamatwa mtu na kuhukumiwa kwake. Tunaamini kwamba hapo ndipo sheria yetu inapohitaji marekebisho zaidi, na hapo pia ndipo Kanisa lina kazi ambayo Bunge haliwezi kuifanya kwa niaba yake.

2. Mahabusu ni nani?

Katika mazungumzo ya kila siku watu husema fulani "amefungwa", hata kama kesi yake haijaanza kusikilizwa. Lakini mfungwa ni mtu aliyekwisha kupatikana na hatia, na mahabusu ni mtu anayengoja. Tangu Haki za Binadamu zilipoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, Ibara ya 13(6)(b) inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Ibara ya 15 nayo inalinda uhuru wa kila mtu, isipokuwa pale sheria inaporuhusu auondolewe.

Kwa hiyo kila siku ambayo mahabusu anakaa gerezani ni siku inayodai sababu. Sababu halali zipo: huenda akatoroka, akawatisha mashahidi, au maisha yake mwenyewe yakawa hatarini. Dhamana imewekwa ili mahakama izipime sababu hizo kwa kila mtu peke yake.

3. Sheria ilivyo

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaagiza kwamba aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama 148(5), inataja makosa yasiyo na dhamana kabisa. Miongoni mwake ni mauaji ya kukusudia, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, kutakatisha fedha, na usafirishaji haramu wa binadamu. Hapo hakimu haulizwi kama mshtakiwa huyu atatoroka. Jina la kosa lililoandikwa katika hati ya mashtaka linatosha kumfunga mikono hakimu.

Kifungu hicho kimepingwa mara kadhaa. Katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani mwaka 1991 ilikubali kwamba sehemu yake mojawapo ilikuwa kinyume cha Katiba. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilikwenda mbali zaidi, ikatamka kwamba kifungu kizima cha 148(5) ni batili. Lakini mwezi Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo katika shauri la Dickson Paulo Sanga. Tangu hapo wanaotafuta mabadiliko wamebaki kulitazama Bunge.

Yapo pia makosa ambayo Mahakama ya Wilaya haiwezi kuyasikiliza. Mtu wa Kituntu akishtakiwa kwa mauaji, husomewa shtaka mbele ya hakimu, lakini haulizwi kama anakiri au anakana, kwa kuwa shauri ni la Mahakama Kuu, ambayo kwetu iko Bukoba. Hurudishwa mahabusu, kisha huletwa tena baada ya wiki mbili hivi kuambiwa kwamba upelelezi haujakamilika. Jamaa zake huuza kahawa na ndizi kulipia nauli, wasikie maneno yale yale.

Makosa ya uhujumu uchumi yana ugumu wake. Mkulima anayeishi kando ya Hifadhi za Rumanyika-Karagwe, Ibanda-Kyerwa au Burigi-Chato, zilizotangazwa kuwa hifadhi za Taifa mwaka 2019, akikutwa na nyama ya porini aweza kushtakiwa kwa kumiliki nyara za Serikali chini ya sheria ya mwaka 1984. Mahakama ya Wilaya haiwezi kumsikiliza bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka au aliyekasimiwa naye. Wanyama ni uumbaji wa Mungu na wastahili ulinzi; swali letu ni muda ambao mtu hungoja kabla ya kuulizwa kama alitenda.

4. Yaliyorekebishwa na yaliyosalia

Si haki kusema kwamba hakuna lililofanyika. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama, na mshtakiwa akapewa haki ya kuelewa yanayosemwa juu yake. Sisi warithi wa Luther, aliyewapa watu wake Biblia kwa lugha yao, hatuwezi kulidharau jambo hilo. Na mwaka 2022 Bunge lilipitisha kanuni kwamba upelelezi ukamilike kabla ya mtu kushtakiwa.

Lakini kanuni hiyo ya 2022 iliyaacha nje makosa makubwa na yale ya Mahakama Kuu. Tukiiweka kando ya kifungu cha dhamana, tunaona kwamba kwa sehemu kubwa mtu asiyepata faida ya kanuni ya upelelezi ndiye yule yule asiyepata dhamana. Milango miwili imefungwa mbele ya mtu mmoja: upelelezi wake waweza kuendelea akiwa amekwisha kushtakiwa, naye lazima aungoje akiwa ndani. Marekebisho yasiyofungua hata mlango mmoja yatakuwa yamempita.

Majirani zetu wamejaribu njia mbili tofauti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu dhamana kwa kila kosa, isipokuwa pakiwa na sababu nzito. Uganda, ng'ambo ya daraja la Murongo, iliweka ukomo katika Katiba yake: baada ya siku 180 mahabusu wa kosa la Mahakama Kuu pekee ambaye kesi yake haijapelekwa huko hana budi kuachiwa kwa dhamana. Kenya ilimpa hakimu mamlaka ya kupima. Uganda ikaipa Serikali kalenda. Hakuna njia hata moja kati ya hizo inayomtangaza mshtakiwa kuwa hana hatia.

5. Neno la Mungu

Kitabu cha Matendo chatuonyesha mahabusu mmoja waziwazi. Paulo alikaa Kaisaria miaka miwili bila hukumu. Luka anataja sababu mbili: Feliki alitumaini kupewa fedha, na alitaka kuwapendeza watu (Mdo. 24:26-27). Rushwa na hofu ya umati, hayo ndiyo magonjwa mawili ya mahabusu hadi leo. Festo, ambaye hakuwa Mkristo, alijua kwamba mtu hatolewi kabla ya kuonana na washtaki wake na kupewa nafasi ya kujitetea (Mdo. 25:16).

Luther, akifafanua amri ya nane katika Katekisimo Kubwa, alianza na mahakama, mahali ambapo maskini asiye na hatia huweza kuangamizwa kwa ushahidi wa uongo. Masengenyo aliyafikia baadaye. Aidha, Ungamo la Augsburg, katika sehemu ya 16, lakiri kwamba Mkristo aweza kuwa hakimu na kutoa hukumu kwa haki. Basi kudai mahakama iliyo bora si kuipinga mamlaka ya Warumi 13, bali ni kuitakia itende kazi yake.

Je, tumesahau damu ya Habili inayolia kutoka ardhini (Mwa. 4:10)? La hasha. Mjane aliyeuawa mumewe naye hungoja. Upelelezi unaokokota miguu humwibia mahabusu siku zake, na humwibia mjane mashahidi wake, kwa kuwa wengine huhama, wengine husahau, na wengine hufa.

6. Wajibu wetu

Kwanza, tufundishe maana ya dhamana. Mtuhumiwa anaporudi kijijini, wengi husema amehonga, na wakati mwingine watu hujichukulia sheria mkononi. Ikiwa Bunge litapanua dhamana na vijiji vikabaki na mawazo hayo, tutakuwa tumemtoa mtu gerezani tukamkabidhi kwa umati.

Pili, tuwafundishe wazee wa kanisa kazi ya mdhamini. Mdhamini hasemi kwamba mshtakiwa hana hatia. Anaahidi tu kwamba atafika mahakamani, na asipofika yeye atawajibika. Ni ahadi nzito, isitolewe kwa huruma peke yake. Lakini wapo wanaobaki ndani, ingawa sheria inawaruhusu kutoka, kwa kukosa tu mtu wa kusimama nao na barua ya mtendaji.

Tatu, tunapotembelea gereza tuwaulize mahabusu tarehe ya kukamatwa kwao na hatua ya kesi, tukawaunganishe na wasaidizi wa kisheria. Mnyweshaji wa Farao alimsahau Yusufu miaka miwili (Mwa. 40:23, 41:1). Kusahau kwake tu kulitosha kumrefushia mwenzake kifungo.

Nne, pendekezo la Tume si sheria. Lazima uwepo muswada, usomwe, upelekwe kwenye Kamati ya Bunge, na wadau waalikwe kutoa maoni. Dayosisi zetu zina haki ya kufika hapo. Zikienda na kumbukumbu za kweli kutoka sharikani, za nani alingoja, kwa muda gani na kwa kosa gani, zitasikilizwa kuliko zikienda na hotuba. Kumbukumbu hizo zaanza kuandikwa na mchungaji mwenye daftari mlangoni pa mahabusu.