Je, Wajua? Mji Uliozuka Ngara kwa Siku Moja

Je, wajua kwamba mwishoni mwa Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 waliokimbia vita kwao walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara, Tanzania, ndani ya saa 24? Wengi wao walipiga kambi eneo la Benaco, wilayani humo.

Kila familia ilihitaji kuni, na maharage makavu waliyogawiwa hula kuni nyingi. Miti ya jirani ilikatwa kwanza. Kisha visiki viling'olewa, mizizi ikachimbuliwa. Waliotafuta kuni walilazimika kwenda mbali zaidi kila siku. Katika mapori ya jirani ya Burigi na Biharamulo, wanyama waliwindwa sana kwa kitoweo. Wakimbizi wengi walirejeshwa kwao Desemba 1996, wakaacha vilima vikiwa vipara.

   

Lakini mwaka 2019, mapori hayo ya akiba ya Biharamulo na Burigi, pamoja na la Kimisi, yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707.