Mwanafunzi wa Garissa Aonyeshwe Nini Nairobi?

Kuna usemi mmoja wa Kaskazini Mashariki ambao mwanaisimu hawezi kuupita bila kusimama. Msafiri aliyepanda basi mjini Garissa kuelekea Nairobi alizoea kuulizwa na jamaa zake, "Unaenda Kenya?" Na aliporudi, aliulizwa habari za Kenya. Wazee wangali wanausema hadi leo, na wageni wakiusikia hucheka, wakidhani ni mzaha au ni upungufu wa elimu ya jiografia. Si mzaha wala si upungufu. Kisarufi sentensi hiyo haina ila. Kimaana ndiyo muhtasari wa historia.

Sheria za ukoloni, zikiwemo ile ya Wilaya za Nje ya 1902 na ile ya Wilaya Maalum ya 1934, ziliufunga mkoa wa mpaka wa kaskazini, hata ikawa mtu hawezi kuingia wala kutoka bila kibali. Mwaka 1962 tume ilitumwa kukusanya maoni ya wakazi, na Wasomali walio wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia. Matakwa yao hayakutimizwa. Vikafuata vita vya shifta kuanzia 1963, kisha hali ya hatari ambayo haikuondolewa hadi 1991. Kwa watu walioishi hivyo, "Kenya" lilikuwa jina la mahali ng'ambo ya Mto Tana, penye serikali, karatasi na mihuri.

Ndiyo sababu naona kwamba mwalimu wa Garissa anayepanga ziara ya Nairobi ana kazi nzito kuliko mwenzake wa Thika au Machakos. Hata hivyo, ratiba nyingi nilizopata kuzisoma zimenakiliwa kutoka kwa shule za huko huko: asubuhi Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, adhuhuri uwanja wa ndege, jioni picha mbele ya jumba la KICC, kisha safari ya kurudi. Hebu fikiri, msomaji. Mtoto ametoka Bour-Algi, kando tu ya mji wa Garissa, ambako twiga hupita karibu na maboma ya watu. Mzazi wake ameuza mbuzi, pengine katika mwaka wa ukame ambapo mbuzi hana bei. Kisha mtoto huyo anasafirishwa kiasi cha kilomita 370 ili akaonyeshwe twiga!

Sisemi mbuga isitembelewe. Ilianzishwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, na kifaru aliyesimama huku maghorofa yakionekana nyuma yake si jambo la kila siku. Nasema tu kwamba isile siku nzima.

Ningekuwa mimi, ningeanzia Makavazi ya Kitaifa kwenye Barabara ya Moi, katika jengo lililokuwa benki zamani. Katika ghorofa ya chini zimepangwa kazi za sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Lakini hazina hasa ni majalada. Humo mna ripoti za kila mwaka zilizoandikwa na maofisa wa kikoloni waliotawala wilaya za kaskazini: nani alitozwa mifugo, kisima kipi kiligombewa, ukoo gani ulihamishwa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akisoma ukurasa mmoja tu wa ripoti hizo, aone jina la kijiji cha babu yake limeandikwa na mtu asiyejua kulitamka, atakuwa amejifunza historia na fonolojia kwa pamoja.

Kutoka hapo hadi Bungeni ni mwendo wa miguu. Wanafunzi waketi katika roshani ya wageni wasikilize. Kiswahili kimeruhusiwa katika mijadala ya Bunge tangu 1974, na Garissa ina wabunge wake humo. Wasikilizwe wanasema nini, na kwa lugha gani.

Halafu wapelekwe Islii. Najua walimu wengine watashtuka, kwani Islii huonekana kuwa mahali pa kununua nguo tu. Wasomali wameishi huko tangu siku za ukoloni, nao ni sehemu ya historia ya jiji sawa na reli iliyofika mwaka 1899. Jina lenyewe ni somo: Eastleigh la Kiingereza limepita vinywani mwa watu, likapoteza konsonanti yake ya kati, likatua kwenye irabu ya Kiswahili bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Lilinganishwe na Nairobi, neno la Kimaasai linalohusu maji baridi, na hapo mwalimu wa lugha atakuwa na kipindi kizima. Chakula cha halali nacho hakitatafutwa kwa taabu.

Sasa nije kwenye karatasi, maana ndizo huvunja safari. Kwa miaka mingi kijana wa kaunti za mpakani alipitishwa katika jopo la wazee na maofisa kabla ya kupewa kitambulisho, jambo ambalo kijana wa Nyeri hakulijua. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa usaili huo. Tangazo ni jambo jema, lakini kizuizi cha barabarani kina desturi zake, na wanafunzi wengine wa kidato cha nne wamekwisha kutimiza miaka 18. Mwalimu abebe barua ya shule yenye muhuri, orodha ya majina, nakala za vyeti vya kuzaliwa na kadi za shule. Kijana anayeshushwa peke yake garini darajani Tana, wenzake wakimtazama madirishani, huwa amekwisha kufunzwa uraia kabla hajauona mji mkuu.

Ramadhani iepukwe. Julai pia, ikiwezekana: Garissa iko mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, Nairobi ni karibu 1,700, na wengi wa watoto hawa hawana sweta. Basi liondoke alfajiri, lisikutwe njiani na usiku. Barua za kuomba nafasi Bungeni na Makavazini zipelekwe mapema, nazo ziandikwe na wanafunzi wenyewe, kwa Kiswahili, kila mmoja akitia sahihi yake.