Majina ya akina mama wa Mwadingusha

Kwa miaka mingi ramani za kampuni ya madini ya Union Minière ziliuonyesha mto Lufira wa Katanga, Kongo, kama mali ya wanaume watupu. Maporomoko ya Mwadingusha yaliitwa maporomoko ya Cornet, kwa jina la Jules Cornet, mtaalamu wa miamba. Kituo cha umeme kilichoanza kazi hapo mwaka 1930 kiliitwa Francqui, na kile cha Koni, kilichojengwa chini yake miaka kama ishirini baadaye, kikaitwa Bia. Cornet, Francqui na Bia walikuwa wenzi wa msafara mmoja wa Wabelgiji, ule wa 1891 hadi 1893. Hata kule mto Lualaba, vituo vya Nzilo na Nseke vilipewa majina ya Delcommune na Le Marinel, wakuu wa misafara mingine ya enzi hiyohiyo. Likasi nayo ilikuwa Jadotville, jina la mkubwa wa kampuni. Majina haya yamekwisha kufutwa, na vizuri. Lakini kufuta jina la mgeni si sawa na kuandika jina la mwenyeji, na wenyeji ambao hawajaandikwa hadi leo ni akina mama waliogeuza kambi ya kazi kuwa mahali pa kuzaa, kulea na kuzika. Naamini kazi hiyo inawafaa zaidi wanawake wenyewe, wakiwa katika chama cha ukoo kinachotunza urithi na kuhudumia jamii. Naamini pia kwamba chama hicho kinaweza kuleta madhara makubwa kikikosea jambo moja, nalo ni mlango wa kuingilia.

Chama cha namna hii kinajulikana zaidi Marekani. Mwaka 1890, mjini Washington, wanawake walianzisha chama cha Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani. Anayetaka kujiunga huleta vyeti vya kuonyesha, kizazi baada ya kizazi, kwamba ametokana na mtu aliyesaidia vita vya uhuru vya karne ya 18. Wanachama hutunza majengo ya kale, huendesha maktaba kubwa ya koo na hutoa misaada ya masomo. Lakini mtu wa Katanga hahitaji kuazima wazo hilo Washington. Kwa Walamba na Wabemba, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye mwenye neno, na kumbukumbu ya nani amezaliwa na nani hukaa kwa wanawake. Mama wa mfalme wa Wabemba ana cheo chake rasmi, Chandamukulu. Waluba huhesabu kizazi upande wa baba, na bado mfalme wao alipokufa, roho yake ilikabidhiwa mwanamke, mwadi, aliyeishi katika makao ya marehemu na kusema kwa niaba yake. Kwa hiyo anayesema kwamba historia ni kazi ya wazee wa kiume aulize kwanza katika vijiji vya mkoa wake mwenyewe.

Tena Mwadingusha ina sababu ya pekee. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilichoka kupoteza wafanyakazi waliokuja, wakamaliza mkataba na kurudi kwao, ikaanza kuwahimiza waje na wake zao na kukaa. Posho ikapimwa kwa mke na watoto pia. Zikafuata shule, zahanati na vyumba vya kufundishia akina mama kushona. Watu walitoka Kasai, Lomami, Rwanda, Burundi na Rodezia ya Kaskazini, wakakutana na wenyeji wa bonde la Lufira. Makaratasi ya kampuni yalimfuata mwanamume: namba yake, kijiji chake, chifu wake, mshahara wake. Mke alikuwa nyongeza katika hesabu ya posho. Mjukuu anayemtafuta bibi yake katika makaratasi hayo itambidi aanze na namba ya babu. Nje ya makaratasi ya kampuni, bibi huyo yumo katika cheti cha ubatizo cha parokia, katika picha iliyokunjika ya harusi, na katika vinywa vya wanawake wanaojua alikuja na nani, alizika watoto wangapi na alimlea yatima wa nani.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapoingia, na sitalipuuza. Mtu wa Likasi akisikia maneno “chama cha ukoo” ana haki ya kushtuka. Mwaka 1992 na 1993, siasa ya kuuliza nani ni mzaliwa wa kweli iliwafukuza watu wenye asili ya Kasai kutoka Likasi na Kolwezi. Familia zilizokaa Katanga vizazi viwili au vitatu zililala wiki na wiki katika stesheni ya Likasi zikisubiri treni, na wengi walikufa kabla ya kufika Kasai. Waliofukuzwa walikuwa wajukuu wa wanaume walewale waliochimba shaba na kujenga mabwawa. Ukoo ulitumika kama kisu. Pingamizi hili lingetosha kuua hoja yangu kama ukoo ungekuwa na maana moja tu, yaani udongo ambao babu yako alizaliwa juu yake.

Historia ya wale Mabinti wa Marekani inatusaidia kufikiri. Mwaka 1939 walimnyima Marian Anderson, mwimbaji maarufu mweusi, ukumbi wao mkubwa mjini Washington. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akajitoa katika chama, na Anderson akaimba mbele ya mnara wa Lincoln, watu wapatao 75,000 wakimsikiliza uwanjani. Mwanachama wa kwanza mweusi anayejulikana alikubaliwa mwaka 1977 tu. Lakini aliingia kwa sheria yao wenyewe: alileta vyeti vilivyothibitisha babu yake, na vyeti havikuwa na rangi. Mwaka 2008 chama hicho kilitoa kitabu kinene chenye majina ya watu weusi na wenyeji wa asili waliopigania uhuru. Uchunguzi wa koo ukifanywa kwa uaminifu huumbua uongo wa waliouanzisha. Ningependa ingekuwa mapema zaidi; miaka 87 ni mingi mno kumweka mtu mlangoni.

Kwa hiyo sharti langu ni hili: Mwadingusha, mlango uwe mama aliyeishi na kufanya kazi mahali hapo, popote alipotoka. Mjukuu wa Mluba wa Kasai aliyepika bukari kambini awe sawa na mjukuu wa mvuvi wa ziwa Tshangalele ambaye bonde lake lilifunikwa na maji ya bwawa. Pwani ya Waswahili imewahi kuona kitu cha namna hii. Katika vyama vya ngoma ya lelemama vya Mombasa, wanawake waliotoka katika utumwa walicheza na kushindana pamoja na wengine, na katika miaka ya 1950 baadhi ya vyama hivyo vilizaa mashirika ya kusomesha wasichana. Ngoma haikuondoa matabaka, ila iliwakutanisha watu ambao ukoo pekee ungewatenga.

Wengine watasema akina mama hawana nafasi ya mambo ya kale. Watakumbusha kwamba Gécamines, kampuni ya dola iliyorithi Union Minière, ilipowaaga wafanyakazi kama 10,000 mwaka 2003, wanawake ndio waliobeba nyumba kwa biashara ya soko. Kweli, lakini walibeba kwa kushirikiana: likelemba ya kupokezana fedha, sufuria na kuni za kilio, mtoto wa jirani kulipiwa shule. Huduma tayari ipo; kinachokosekana ni daftari lake. Na kwa mwenye hofu kwamba kuhesabu upande wa mama ni kumwasi baba, sheria yenyewe imesogea: marekebisho ya Kanuni ya Familia ya mwaka 2016 yaliondoa ile ruhusa ya mume iliyohitajika ili mke atie sahihi mkataba.

Kituo cha Mwadingusha kilikarabatiwa na kukamilika mwaka 2021, sasa kina uwezo wa megawati 78, na sehemu kubwa ya umeme huo inakwenda migodini. Mashine sita zimepewa maisha mapya, lakini mabibi waliozaliwa kambini kabla ya uhuru wanapungua kila mwaka. Ewe msomaji uliye Likasi, Kambove au Mwadingusha, kaa na mmoja wao wiki hii, uandike jina la mama yake, la nyanya yake na mahali walipotoka, kisha nakala moja uipeleke parokiani au shuleni.