Je, Wajua? Karatasi Inayotangulia Meli

Je, wajua kuwa kaunti yetu ya Nakuru ina bandari? Usicheke, jirani! Ni bandari kavu ya Naivasha, upande wa Mai Mahiu, iliyofunguliwa Desemba 2019. Haina mawimbi, haina samaki, na iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Mombasa, lakini makontena yanashushwa pale kutoka kwenye reli ya SGR.

Na hili je? Maji ya mvua yanayoteremka mitoni kutoka milima ya Dundori hayafiki baharini hata siku moja. Yanaishia katika maziwa ya bonde letu, na maziwa hayo hayana mto hata mmoja unaotoka kwenda bahari kuu. Basi Ziwa Nakuru likijaa, maji hayana pa kwenda. Waulize walioshuhudia lango kuu la mbuga ya Ziwa Nakuru likizama mpaka likahamishwa!

Sasa shika benchi vizuri, turudi kwenye bandari. Bandari haianzi na saruji, wala na winchi. Inaanza na karatasi inayoitwa leseni ya mazingira, ambayo hapa Kenya hutolewa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na bila hiyo hata kijiko kimoja cha mchanga wa baharini hakitakiwi kuguswa.

Unajua nani hulipia uchunguzi wa athari za mradi unaotangulia leseni hiyo? Mwenye mradi mwenyewe! Sheria inasema hivyo waziwazi: anayetaka kujenga ndiye anayemwajiri mtaalamu na kumlipa, ili mtaalamu huyo aeleze ubaya wa mradi wa aliyemlipa. Mtaalamu lazima awe amesajiliwa na NEMA, sawa, lakini kubali kuwa mpango huu unachekesha kidogo.

Gati za kwanza za kina kirefu pale Kilindini, Mombasa, zilikamilika mwaka wa 1926. Sheria ya mazingira inayodai uchunguzi huu ilianza kufanya kazi Januari 2000. Hesabu mwenyewe: miaka 74 meli kubwa zinaegesha, na hakuna aliyedaiwa ripoti kama ya leo!

Wazo lenyewe la kuchunguza kwanza na kujenga baadaye lina siku yake ya kuzaliwa. Ni tarehe 1 Januari 1970, Mwaka Mpya, Rais Richard Nixon wa Marekani alipotia saini sheria ya kwanza ya aina hiyo. Leo karibu kila nchi duniani ina ya kwake.

Unadhani wananchi huulizwa mara moja tu? Kanuni za Kenya za mwaka wa 2003 zinataka mikutano isiyopungua 3 na watu watakaoguswa na mradi mkubwa. Juu ya hayo, mabango yabandikwe karibu na eneo la mradi, tangazo litoke gazetini wiki 2 mfululizo, na redioni lisomwe kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji. Ndiyo, lugha ya mama! Kibajuni kule Lamu, Kikuyu huku kwetu.

Ripoti ikishawasilishwa, NEMA hutoa tangazo jingine, safari hii pia katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kwa kawaida tangazo hilo huwapa wananchi siku 30 za kutoa maoni, kwa mdomo au kwa maandishi. Hebu niambie, mara ya mwisho kulisoma Gazeti Rasmi ilikuwa lini? Nilijua.

Twende Lamu sasa, na hapa tutakaa kidogo maana mambo yake ni matamu.

Tarehe 2 Machi 2012, viongozi watatu walisimama pamoja pale Lamu kuzindua bandari mpya: Mwai Kibaki wa Kenya, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia. Mpango wa awali ulikuwa gati 32. Thelathini na mbili! Zilizoanza kujengwa ni 3, na ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021.

Kina cha maji penye gati hizo ni mita 17.5. Ukiiweka pale nyumba ya ghorofa tano, mwenye nyumba angehitaji snorkeli kupanda juu ya paa. Kina hicho hakikuja chenyewe chote. Tope na mchanga vilichimbwa chini ya bahari, na bahari ikichimbwa maji huchafuka, na maji yakichafuka samaki huhama.

Na samaki wakihama? Wavuvi huenda kortini! Kesi ya Lamu iliwasilishwa mwaka huohuo wa 2012. Uamuzi wa Mahakama Kuu ukasomwa Malindi mwaka wa 2018, na kiasi kilichotajwa ni Sh1.76 bilioni, fidia ya wavuvi wapatao 4,600. Ukigawa sawa kwa sawa ni Sh380,000 na ushee kwa kila mmoja. Ng'ombe wa maziwa wangapi hao, jirani?

Subiri, tamu zaidi hii. Mahakama haikuishia kwenye samaki. Ilisema pia kuwa haki ya watu wa Lamu ya utamaduni wao ilikiukwa, kwa kuwa mradi ulisukumwa bila kupimwa sawasawa utaufanyia nini mji ule. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Kumbe punda, vichochoro na milango ya nakshi vinaweza kusimama kizimbani dhidi ya bandari!

Kosa jingine lilikuwa la mpangilio. Bandari ni kipande kimoja tu cha LAPSSET, ule mpango mkubwa wenye barabara, reli na bomba la mafuta. Mahakama ikasema mpango mzima ulipaswa kupimwa kwanza, ndipo vipande vyake vifuate. Leseni ikarudishwa NEMA ikaangaliwe upya. Serikali nayo haikukubali kirahisi, rufaa zikafuata, na huko mawakili wakala vizuri.

Umewahi kuona mbegu inayoota ikiwa bado juu ya mti? Mkoko hufanya hivyo! Mche wake huning'inia tawini mpaka uwe mrefu, kisha huanguka na kujichomeka topeni, tayari kwa maisha. Mwenzake mchu naye hupumua kwa mizizi iliyochomoza juu ya tope, maana chini kule hewa hakuna. Mwaga tope la kuchimba bandari juu ya mizizi hiyo na umeuziba mti pua.

Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu ziko Lamu. Yaani bandari mpya ilipelekwa palepale penye mikoko mingi kuliko kwingine kote nchini. Sisi tunaolindiwa msitu wa Dundori tunajua vile kelele hupigwa mti mmoja ukikatwa. Sasa piga picha ukanda mzima.

Jirani wa bandari hiyo alikuwa awe mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, pale Kwasasi. Leseni ilitolewa 2016. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la mizozo ya mazingira likaifuta! Sababu mojawapo itakushangaza: mikutano ya wananchi ilifanyika kabla ripoti haijaandikwa. Watu waliombwa maoni kuhusu madhara ambayo hakuna aliyekuwa amewaonyesha.

Hukupendezwa na leseni fulani? Una siku 60 za kwenda mbele ya jopo hilo. Si lazima uwe mvuvi, wala wakili, wala mheshimiwa.

Hapa naomba unisikilize kwa masikio mawili. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alikwenda kortini kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Kesi ikatupwa! Si kwamba hoja zake zilikuwa mbovu. Aliambiwa hana haki ya kushtaki. Jumba lenyewe halikujengwa, na mwaka wa 2004 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Leo mambo yamegeuka kichwa chini miguu juu. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinasema anayeshtaki kuhusu mazingira hahitaji kuonyesha kuwa kuna mtu yeyote aliyepata hasara wala kuumia. Maana yake mkulima wa viazi wa Dundori, ambaye hajawahi kulowesha hata kidole katika maji ya chumvi, anaweza kushtaki kwa ajili ya bahari ya Lamu. Tena akiwa na gambuti zake zenye matope!

Leseni nayo huoza, wajua? Mwenye mradi hupewa miezi 24 ya kuanza kazi. Akizubaa mpaka muda upite, leseni hiyo haina nguvu tena. Na akishajenga hajamaliza: ukaguzi wa mazingira humfuata kila mwaka, na gharama ni yake tena.

Vuka mpaka uende Tanga, Tanzania. Kule kuna samaki aitwaye silikanti, ambaye wanasayansi waliamini alitoweka miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na yale madubwana ya kale, dinosaria. Desemba 1938 akanaswa mzimamzima Afrika Kusini! Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamemvua mara nyingi, tena kwa jarife la kuvulia papa.

Silikanti hana haraka na maisha. Mwaka wa 2021 watafiti walikadiria kuwa anaweza kufika karibu miaka 100, na kwamba mimba yake huchukua takriban miaka 5. Mitano! Mama mjamzito wa kawaida akisikia hivyo atashukuru Mungu kwa miezi tisa.

Kwa nini namtaja kwenye habari za bandari? Kwa sababu Tanzania ilimtengea hifadhi ya bahari Tanga mwaka wa 2009, na mpango wa bandari mpya ya Mwambani ulikuwa unaangukia palepale hifadhini. Mwambani ikabaki kwenye makaratasi, huku bandari ya zamani ya Tanga ikichimbwa na kupanuliwa. Mimi namhesabia silikanti ushindi, hata kama wakubwa walikuwa na sababu zao nyingine.

Uingereza nayo. Southampton walitaka bandari kubwa ya makontena mahali paitwapo Dibden Bay, na usikilizaji wa maoni peke yake ukapita mwaka mzima. Jibu la serikali lilikuja 2004: hapana! Ndege wanaookota chakula kwenye tope la ufukwe walikuwa miongoni mwa sababu.

Rotterdam, Uholanzi, walitaka kujaza bahari mchanga wapate nchi kavu mpya ya takriban hekta 2,000. Mwaka wa 2005 baraza lao kuu la sheria likaubatilisha mpango. Walipokubaliwa baadaye, walitenga karibu hekta 25,000 za bahari zilindwe. Zaidi ya mara kumi ya walichochukua!

Australia mwaka wa 2014 iliruhusu mita za ujazo milioni 3 za tope la bandari ya Abbot Point zimwagwe ndani ya eneo linalolindwa la Great Barrier Reef, matumbawe makubwa kuliko yote duniani. Kelele zilizofuata! Mpango ukabadilishwa, na mwaka wa 2015 kumwaga tope la namna hiyo mle kukapigwa marufuku kabisa.

Nimekuwekea hii mwisho kwa makusudi, wewe unayelima karoti. Bandari ya Hamburg, Ujerumani, iko zaidi ya kilomita 100 ndani ya nchi, kandokando ya mto Elbe. Walitaka kuongeza kina cha mto ili meli kubwa zipite zikiwa zimejaa, na mwaka wa 2012 ruhusa ikatoka. Wanaharakati wakaenda kortini wakiwa na mmea mmoja mkononi, Oenanthe conioides, unaoota kwenye tope la Elbe pale maji yanapokupwa na kujaa, na haupatikani kokote kwingine duniani.

Februari 2017 mahakama ya Leipzig ikasema mpango una kasoro, na moja ya kasoro kubwa ni kwamba mmea huo haukutafutiwa makao mengine ya kutosha. Mabilioni ya biashara yakangoja! Ikabidi mpango urekebishwe, na uchimbaji ukaanza mwaka wa 2019, miaka 7 baada ya ruhusa ya kwanza.

Na mmea huo ni wa ukoo gani? Ukoo wa karoti! Ndiyo, binamu wa hizo unazoosha matope pale mtoni kabla lori la soko halijafika.