Mwandishi wa hadithi anaona sura ya nani mu kichwa?



Kati yetu kuko wengi wenye wanaandika hadithi usiku kwenye simu, na swali moja linarudi kila mara: wakati mtu anaunda mhusika, je, anamwona akteri fulani wa kweli? Na kama anamwona, huo si wizi?

Jibu fupi: wengine ndiyo, wengine hapana, na desturi yenyewe ni ya zamani. Shakespeare aliandikia kundi lake mwenyewe kule London. Alijua ni nani atasimama mbele ya watu na kusema kila neno. Alama zake zimebaki. Katika chapa ya Romeo and Juliet ya 1599, mahali pa jina la mtumishi Peter limechapwa jina la Will Kemp, mchekeshaji wa kundi. Katika chapa ya Much Ado About Nothing ya 1600, jina lake liko tena mahali pa Dogberry.

Tuje karibu na wakati wetu. Ian Fleming, katika Casino Royale (1953), anamfanya mwanamke mmoja aseme kwamba James Bond anafanana na Hoagy Carmichael, mwanamuziki wa Marekani mwenye alicheza pia mu filamu. Mwaka 1962 Sean Connery, Mskoti, akamcheza Bond. Vitabu vyenye vilitoka kisha filamu hiyo vikampa Bond baba Mskoti. Nick Fury wa Marvel naye alichorwa mwaka 2002 kwa sura ya Samuel L. Jackson, na mwaka 2008 Jackson mwenyewe akaitwa kumcheza.

Ngambo ya mto, kule Brazzaville, Sony Labou Tansi aliandika michezo akiwa na kundi lake, Rocado Zulu Théâtre. Mwandishi mwenye yuko na kundi haandikii hewa, anajua ni kinywa gani kitabeba maneno yake.

Lakini kuko pia watu wenye hawaoni picha yoyote mu kichwa. Tangu 2015 wataalamu wanaita hali hiyo afantasia. Watu hao wanaweza kuandika vizuri tu, kwa kufuata sauti, mwendo na mawazo ya mhusika. Kwa hiyo, kama wewe hauoni sura, usifikiri kalamu si yako.

Sasa, faida ni nini? Mimi ni mtu wa agronomia, nitasema kwa lugha ya shamba. Maharage ya kupanda juu yanahitaji kijiti. Bila kijiti yanalala chini na kuoza. Sura ya akteri ni kijiti: inakusaidia mhusika asiwe mfupi kwenye ukurasa wa 3 kiisha mrefu kwenye ukurasa wa 80. Lakini siku ya mavuno hakuna mtu anakula vijiti.

Hatari iko hapa. Ukikopa sura, mara nyingi unakopa na tabia za filamu zake bila kujua. Mama wako muuza samaki wa Uvira anaanza kuita baba mkwe kwa jina, anabishana naye mbele ya wageni, na hakuna mtu hapo nyumbani anashtuka. Msomaji wa Uvira anafunga simu. Hajui kama ulifikiria akteri wa Hollywood ao wa Nollywood. Anaona tu kwamba huyu mama si wa kwetu.

Wengine wanasema: basi tukope majirani. Hapo tuende polepole zaidi. Mu mtaa wenye watu wote wanajuana, ukiandika dada mwenye kovu shavuni, muuza makala karibu na kanisa, hata ukibadilisha jina, watu watamjua. Ukimpa uzinzi ao wizi ndani ya hadithi, yeye ndiye atacheka nao ao kulia nao sokoni. Akteri wa mbali hatapata hasara hiyo juu ya sura tu, mradi usimtaje jina.

Ushauri wangu ni huu. Kopa mwili na sauti, usikope tabia wala maneno. Changanya: macho ya huyu, mwendo wa yule. Kiisha jiulize maswali matatu: mhusika wangu anakula nini asubuhi, anamwogopa nani, na anasalimia wakubwa namna gani? Kama jibu linatoka mu filamu, bado hajazaliwa. Kama linatoka mu maisha yake mwenyewe, toa kijiti, anasimama.

Na ninyi, mukiandika, munaona sura ao munasikia sauti?