Mtoto Aulizapo

Walimu wenzangu, nanyi wazazi mlio na watoto shuleni, mithali yasema, Kuuliza si ujinga. Sote twaijua, lakini ni mara ngapi mtoto atuulizapo neno tusilolijua, nasi humnyamazisha kwa ukali ili tusiaibike? Sikilizeni habari hii.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaweka katika jokofu. Siku moja kijana Erasto Mpemba aliona nafasi katika jokofu yakaribia kwisha, akayaweka yake yangali moto. Baadaye alikuta yake yamekwisha kuganda, na ya mwenzake, yaliyowekwa pasipo kuchemshwa, hayajaganda bado.

Akamwuliza mwalimu wake sababu, akaambiwa amekosea. Alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa. Lakini hakukata tamaa, bali alijaribu mwenyewe kwa maji. Hata akaja mgeni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akamwuliza mbele ya wenzake, nao wakacheka. Yule bwana hakucheka. Alikiri kwamba hajui, akaahidi kujaribu. Akatimiza ahadi, na mwaka 1969 wote wawili wakatoa makala juu ya jambo hilo. Hata leo wataalamu wangali wakibishana juu yake. Lakini tazameni: kama yule mgeni naye angalicheka, swali lile lingalikufa pale pale.

Basi, tufanyeje darasani? Tuseme mwalimu ataka kufundisha jinsi mbegu ziotavyo. Asianze kwa kuandika majibu ubaoni. Awape watoto mikebe mitatu, na katika kila mkebe maharagwe matano juu ya pamba. Wa kwanza utiwe maji, uwekwe mwangani. Wa pili utiwe maji, ufungiwe kabatini. Wa tatu uwekwe mwangani pasipo maji. Kabla ya yote, kila mtoto aandike katika daftari lake jambo alitazamialo na sababu yake. Kisha watazame kila asubuhi, wapime kwa rula, waandike. Wengi watastaajabu waonapo maharagwe ya gizani yameota nayo, tena yamerefuka kupita yale ya mwangani, ila yamepauka na kudhoofika. Watauliza, Kwa nini? Hapo ndipo somo juu ya nuru laanza, nao wana njaa ya kulisikia.

Wala kazi ya mwalimu haipungui, bali yaongezeka. Yampasa kutengeneza vyombo mapema, kuwazuia wenye haraka, na kuwauliza, Umejuaje? Na akiulizwa asilolijua, aseme, Sijui, haya na tujaribu pamoja. Neno hilo halimvunjii mwalimu heshima yake. Na nyumbani vilevile, mama apikapo na baba alimapo, mtoto akiuliza, asifukuzwe.